Kwa Nini Unataka Kuwa Daktari wa Meno?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na vijana wakianza kujaza fomu za KUCCPS, wazazi hutuletea watoto wao tuwaombee. Safari hii kadhaa wametaja udaktari wa meno. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Nataka kusaidia watu, Pasta."

Jibu zuri. Lakini wakikaa kidogo, wakizoea kiti, sababu zingine zinaanza kutoka. Mmoja anasema daktari wa meno haamshwi usiku wa manane mara kwa mara kama yule wa wodi ya wazazi, na yeye anataka kulea watoto wake mwenyewe. Mwingine anataka kliniki yake, asiajiriwe na mtu. Mwingine alikosa kidogo tu alama za udaktari ule wa kawaida, na meno ndiyo yalikuwa jirani. Kuna anayependa kazi ya mikono. Tangu utotoni anafungua redio na kuzirudisha. Na kuna yule ambaye baba ameshawatangazia majirani, kwa hivyo hakuna kurudi nyuma. (Wazazi, hapo tutaongea siku nyingine.)

Sababu iliyonigusa zaidi ni ya kijana aliyelelewa upande wa Nakuru. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huko vinavyopita kiwango hicho mbali sana. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Kijana huyu hufunika mdomo kwa mkono akicheka. Anataka kujifunza kazi ambayo itawaondolea watu wengine mkono mdomoni. Na wake pia, aliniambia hivyo waziwazi.

Sasa, je, nia hiyo ni safi? Ndani yake kuna wengine, na kuna yeye mwenyewe. Wapo wapendwa wanaoamini kwamba kazi ya kutibu watu ukiichagua kwa faida yako umeshaichafua. Mimi sikubaliani nao. Shahada ya meno ni miaka mitano chuoni, kisha mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, kisha leseni ya Baraza. Baada ya hapo ni maisha ya kuinama juu ya vinywa vya watu, shingo imepinda, mgonjwa anaogopa sindano ya ganzi kabla hajaiona. Huruma peke yake huchoka kufikia Alhamisi. Anayependa pia ufundi wenyewe, anayejua kwamba jioni atakula na watoto wake, huyo Ijumaa bado mkono wake umetulia. Mgonjwa wa Ijumaa anafaidika na sababu ambazo kijana aliona aibu kunitajia.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anawataja wahubiri waliohubiri kwa husuda na mashindano, na wengine kwa nia njema. Anachosema katika sura ya kwanza ni kwamba Kristo anahubiriwa vyovyote vile, na yeye anafurahi. Kwa mtazamo huo, jino likizibwa vizuri, kuna haja gani ya kuchimba moyo wa aliyeliziba?

Nimelifikiria hilo sana, na naona tofauti moja. Mahubiri yanasikika na wote. Nikisema uongo madhabahuni, mama aliye na Biblia mapajani atanishika. Lakini mdomoni mwako mwenyewe huoni kitu. Umelala chali, taa iko machoni, huwezi hata kuongea, na unaambiwa, "Hapa kumeoza." Utajuaje?

Sisi tuliosoma biashara tunamjua George Akerlof, mwanauchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel. Hoja yake ilikuwa kwamba muuzaji anajua gari lina shida gani, na mnunuzi hajui. Lakini gari angalau unaweza kuliendesha hadi kwa fundi wako mwingine. Jino likishang'olewa, unampelekea nani wa pili aliangalie?

Tazama kazi yenyewe. Bakteria hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Mwanzoni kabisa kunaonekana doa jeupe tu, na hapo uozo unaweza kusimamishwa kwa kupiga mswaki vizuri, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza sukari, bila mashine kugusa jino. Daktari anayekuambia hivyo na kukuagiza urudi baada ya miezi michache amefanya kazi bora kabisa, na karibu hajapata kitu. Kinyume chake, mwalimu mwenye bima nzuri anaweza kutibiwa mzizi na kuvalishwa kofia ya jino ambalo halikuhitaji hivyo. Naye mama mboga, kwa vile hana bima, anang'olewa jino ambalo lingeokolewa, maana kung'oa ni bei nafuu na foleni ni ndefu. Nia ya pesa ni ile ile moja, ila kwa mwenye bima inaongeza kazi na kwa asiye nayo inapunguza. Wote wawili wanatoka wakisema asante, daktari.

Kwa sababu hiyo siku hizi siwaulizi vijana kama wanataka pesa. Nani hataki? Ninauliza hivi: mgonjwa ana bima, mkopo wa kile kiti cha kliniki unadai mwisho wa mwezi, na jino lake lina doa jeupe tu. Utamwambia nini? Yule binti anayetaka kuwa nyumbani jioni alifikiria, akasema angemwonyesha kwa kioo kidogo ajionee mwenyewe. Yule wa "kusaidia watu" alinyamaza muda mrefu, na nilipenda kwamba hakukimbilia jibu.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, mshirika wetu mmoja ambaye ni daktari wa meno atakaa na vijana wanaofikiria kozi hiyo. Njooni na maswali, na mwulizeni kuhusu pesa pia. Amesema atajibu.