Nusu ya Hiari

Asubuhi moja nilimpeleka binamu yangu kwa gari kutoka Al Khuwair hadi kituo cha matibabu ya uraibu hapa Maskati. Mama yake, yaani shangazi yangu, alikaa kiti cha nyuma na tasbihi mkononi. Binamu yangu ana umri wa miaka 31, na kwa miaka sita alikuwa akitumia unga. Mlangoni alikabidhi simu, kiberiti, funguo na mkanda wa suruali. Kisha muuguzi akamuuliza kwa Kiarabu kama amekuja kwa hiari yake. Binamu yangu, ambaye Kiarabu anakijua kunishinda, alinitazama mimi badala ya muuguzi, akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: “Mwambie nusu.”

Muuguzi akanigeukia. Nikasema, “Amesema ndiyo.”

Akaandika, na mlango ukafungwa.

Shahada yangu ya uzamivu niliipata Uingereza, na sura nzima ya tasnifu ile ilihusu ridhaa. Katika sura hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja anayetetemeka kwa arosto. Watu wangu wote walikuwa wamelala vizuri, wamekunywa chai, na walijua wanachokitaka. Tangu siku ile mlangoni nimekuwa nikijiuliza: je, nilimwibia binamu yangu nusu ya jibu lake, au nilimsaidia kulikamilisha?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Sheria ya Oman ya kupambana na dawa za kulevya, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 17 ya mwaka 1999, humwepusha na mashtaka mtumiaji anayejitokeza mwenyewe kutafuta tiba. Neno “mwenyewe” linaweza kumtenga mtu anayelala kitanda cha wodi na mtu anayelala jela. Lakini mwenyewe yupi? Yule aliyeamka alfajiri akilia na kuomba apelekwe, au yule aliyesema saa tatu baadaye, tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, kwamba tungoje mpaka baada ya Idi?

Wanaoandika juu ya mambo haya hupenda kumtaja Odysseus wa Homer. Aliamuru mabaharia wake wamfunge kwenye mlingoti ili ausikie wimbo wa ving’ora bila kuufuata, na akawaagiza kwamba akiomba kufunguliwa wazidi kukaza kamba. Mfano ni mzuri, ila haumfai teja. Odysseus alitoa amri yake kabla wimbo haujaanza, akili ikiwa shwari. Anayefika mlangoni mwa kituo anaomba kamba huku wimbo umekwisha kumjaa masikioni. Hana kisiwa cha utulivu nyuma yake anakoweza kusimama na kutoa amri kamili. Tukisema hiari iliyogawanyika si hiari, tutakuwa tumemfungia mlango kila mgonjwa wa aina hii, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ndio mgawanyiko huo.

Aristotle alilikaribia jambo hili alipomfananisha mtu asiyeweza kujizuia na mji wenye sheria nzuri usiozitumia. Anayefika karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni al-Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, na aliamini kwamba cheo na sifa vinamwangamiza. Anasimulia kwamba kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi nia ilikaza, jioni matamanio yakaibomoa. Hatimaye ulimi wake ukafungika, akashindwa kusomesha, na matabibu wakakata tamaa. Huyu alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa zama zake, na elimu yake yote haikutosha kumfanya anyanyue mguu. Alipoondoka, hakuondoka kwa kuwa amejikusanya akawa mzima. Aliondoka akiwa amevunjika, na kukusanyika kukaja baadaye, njiani.

Hapo ndipo ninaposimama. Hiari si shilingi ambayo mtu ama anayo mfukoni ama hana. Kwa mraibu, hiari hujengwa, na hujengwa pamoja na watu wengine, kama nyumba inayoanza kukaliwa kabla ya kuezekwa. Tiba zenyewe zinalitambua jambo hili. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa methadoni. Mgonjwa hufika kliniki na kuinywa mbele ya mhudumu, kisha kesho hurudi tena. Huyo huombwa hiari kidogo kila siku. Katika nyumba za upataji nafuu za Unguja, ambako wengi wa wasimamizi waliwahi kutumia wao wenyewe, na katika vituo vya kulazwa kama kile cha Maskati, mtu huombwa fungu kubwa siku moja, halafu kuta na wenzake humsaidia kulitunza. Hakuna kati ya njia hizi inayomngojea mtu awe mzima kwanza.

Lakini hoja hii ina hatari, na nisipoitaja nitakuwa nimejitetea tu. Kila anayemlazimisha mwenziwe husema anaisaidia hiari yake. Mume husema hivyo kwa mke, na dola kwa raia. Basi mpaka uko wapi? Naona ni huu: nusu tunayoiongeza iwe ni nusu ambayo mwenyewe alikwisha kuianza, na aweze kuja kuidai. Kamba asiyeweza kuomba ifunguliwe na akasikilizwa ni pingu, hata kama aliyeifunga ni mama. Kwa kipimo hicho kosa langu halikuwa kumtia ndani. Kosa langu ni kwamba nilimnyima muuguzi habari aliyoihitaji. Kama angeandika “nusu”, huenda siku ya tatu wangemwangalia kwa jicho jingine.

Jioni ile shangazi akanambia, “Mwanangu, watu wakiuliza, mwambie kila mtu amekwenda Unguja kuangalia shamba.” Nikakataa, nami nilikwisha kusema uongo wangu tangu asubuhi. Akanikumbusha sitara: Mungu ni msitiri, na mja naye amsitiri mwenziwe. Ni kweli. Hata al-Ghazali alitangaza kwamba anakwenda Makka huku nia yake ikiwa Sham. Lakini uongo ule aliuchagua msafiri mwenyewe. Huu wetu tungemtungia asiyekuwapo, na siku ya kutoka angeukuta mlangoni ukimngoja. Angeulizwa mvua imenyesha vipi, na karafuu zimechanua au la. Mtu aliyeishi miaka sita kwa kutunga visa angepewa kisa kingine akitunge, mara hii kwa amri ya jamaa zake. Sitara ni kunyamaza. Tukiivusha hapo, tunajisitiri sisi. Nami nilikuwa na la kusitiri: kwa mwaka mzima nilimpa riyali tano tano, nikijua ziendako, ili aondoke haraka barazani kwangu.

Tulikubaliana kusema, “Hayupo, mwombeeni dua.” Shangazi alikubali kwa shingo upande.

Siku ya kumi na mbili tuliruhusiwa kumtembelea. Alikuwa amekonda, macho yamerudi. Nilimwomba radhi kwa jibu nililolipindua. Akacheka kidogo, akasema, “Kaka, leo hata nusu haifiki. Leo ni robo. Mlango ule pale, nikitia saini natoka.”

Nilitafuta la kusema nikalikosa. Shangazi akamshika mkono. “Robo tatu nimekushikia mimi,” akasema. “Ukizitaka, njoo uzichukue.”

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama tumekuja na halua. Tulikuwa nayo, ila ilizuiliwa mlangoni. Tulipoondoka alitusindikiza hadi pale mhudumu alipomwambia asimame, akasimama.