Kisima cha Waqfu: Twahara Yake na Usalama Wake

Tumeulizwa swali na watu wa mtaa mmoja, na kwa kuwa swali hilo ni la miji yetu yote ya pwani, tumeona bora kulijibu hapa kuliko kulijibu barazani mbele ya watu watatu wanne. Katika mtaa huo kuna kisima cha waqfu, alichokichimba mzee mmoja zamani kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu, na vizazi vitatu vimekunywa maji yake. Majuzi walikuja maafisa wa afya wakayachota maji wakayapima, wakasema yana vijidudu vitokavyo katika kinyesi cha binadamu, wakashauri yasinywewe. Watu wakagawanyika. Wako waliosema kisima kifungwe. Na wako waliosema: kukifunga kisima cha waqfu ni kumkatia marehemu thawabu zake, na tena maji hayo ni mengi, hayakugeuka rangi wala ladha wala harufu, na sharia yasema ni twahara, basi nani awezaye kuyaharamisha?

Kabla ya kujibu yatupasa tukiri jambo. Hoja hii ya pili si hoja ya wajinga, wameisikia kwetu. Miaka kadha nyuma tuliulizwa msikitini juu ya kisima hichohicho, nasi tukajibu kama tulivyosomeshwa: maji yakifika qullatain, nazo kwa hisabu ya wengi ni karibu na lita 200, hayanajisiki ila yakigeuka kwa ile najisi rangi yake au ladha yake au harufu yake. Jawabu hilo lilikuwa sahihi, wala hatulirudi. Lakini tuliulizwa juu ya kutawadha, na watu wakalichukua mpaka kwenye mtungi wa kunywa, nasi tukaona, tukanyamaza. Kunyamaza kwetu huko ndiko kulikotutia kalamu mkononi leo.

Ndugu zetu, katika vitabu vya fiqihi twahara ni mlango wake na madhara ni mlango wake. Mtu akitia ndani ya maji sumu ambayo si najisi, na maji yasigeuke, yatabaki kuwa twahara, na atakayetawadha kwayo udhu wake utasihi. Lakini kuyanywa ni haramu, kwani kujiangamiza ni haramu. Udongo ni twahara na twatayamamu nao, na juu ya hayo wanavyuoni wamekataza kuula pale unapodhuru. Basi anayesema «haya maji ni twahara, kwa hivyo yanyweni» ameruka kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila ya daraja baina yao.

Sharia imetufanyia ibada kuwa nyepesi. Imetupa jicho, pua na ulimi tuyapimie maji ya udhu, ili hata mtu wa jangwani asiye na chombo chochote asikose njia ya kuswali. Lakini vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala ladha wala harufu. Maji meupe yanayong'aa kama kioo yaweza kubeba mauti ya nyumba nzima. Katika mwaka wa 1854 ulipozuka ugonjwa huo London, tabibu mmoja aitwaye John Snow aliwafuatilia waliokufa nyumba kwa nyumba, akaona kuwa wengi wao walikuwa wakinywa maji ya bomba moja la mtaani. Mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Wakati huo watu wengi walikuwa wakiamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya, na hakuzidi kutambulikana kijidudu chenyewe mpaka Robert Koch alipoueleza uchunguzi wake katika mwaka wa 1884. Snow hakuona ila athari, na athari zikamtosha.

Wala tusidhani hizi ni khabari za ng'ambo tu. Unguja iliingiliwa na kipindupindu katika miaka ya 1869 na 1870, na tabibu James Christie aliyekuwako huko akaandika kitabu juu ya maradhi hayo kilichotolewa mwaka wa 1876. Naye Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliyaleta maji ya chemchemi za Bububu mpaka mjini, na watu wamtaja kwa kheri kwa jambo hilo hadi leo. Na hapa kwetu Kenya kipindupindu kilizuka tena Oktoba 2022 kikaendelea katika mwaka wa 2023. Maradhi haya hayakuondoka, yangoja mlangoni.

Na tuangalie jinsi kisima kinavyoharibika. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni mwamba wenye matundu na nyufa. Nyumba nyingi za miji yetu zategemea mashimo ya choo, na uchafu wa shimo hupita katika nyufa hizo upesi bila ya kuchujwa. Wajuzi husema baina ya shimo na kisima pawe na mita 30 kwa uchache, na penye mwamba wenye nyufa hata hizo huenda zisitoshe. Penye mchanga hali ni nafuu, kwani mchanga huchuja. Na Lamu yapata maji yake matamu chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Lakini nako, atakayechota kupita kiasi huivuta chumvi ya bahari, na atakayechimba choo penye maji huyatia uchafu. Wazee wetu walipochimba visima, nyumba zilikuwa chache. Leo baina ya kisima na choo cha jirani pengine hapana hata hatua kumi. Kisima ni kilekile. Kilichogeuka ni mtaa.

Husemwa: «Mbona babu zetu walikunywa wakaishi?» Twajibu: walioishi ndio tuwajuao. Waliokufa wachanga, hapana mjukuu aliyebaki wa kuwasimulia. Na husemwa: «Aliyekufa siku zake zimefika.» Haya ni kweli, nasi twayaamini. Katika mtaa huohuo alizikwa mtoto mdogo baada ya kuhara siku mbili, nasi tulikuwa miongoni mwa waliompa pole babake kwa maneno hayo. Lakini maneno ya kumliwaza aliyefiwa si udhuru wa aliyezembea. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari kwamba kuna tauni mbele yake, alirudi na watu wake. Na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu alijibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine, na zote ni zake Mola. Naye Mtume (s.a.w.) alimfunza mwenye ngamia amfunge kisha ndipo ategemee. Asiyemfunga ngamia hakutegemea. Amepuuza, akaupa upuuzi wake jina zuri.

Sasa twende kwenye thawabu za marehemu. Yule mzee hakuweka waqfu shimo la ardhini. Aliweka waqfu manufaa ya watu. Thawabu zamfuata kwa manufaa hayo, na manufaa yakigeuka kuwa madhara, kung'ang'ania kuyanywa maji hakumzidishii kitu. Waqfu huhifadhiwa kwa kutengenezwa. Dari ya msikiti wa waqfu ikitaka kuanguka, hapana asemaye kwamba kuwatoa watu chini yake ni kumkatia thawabu aliyeujenga. Bali msimamizi asiyewatoa ndiye atakayeulizwa. Na amana ya kisima ni kama amana ya msikiti.

Lakini kwa hao waliosema «kifungwe» nao tuna neno. Kikifungwa kesho, mjane asiye na mfereji atakunywa nini? Maji ya mfereji huja kwa zamu, na dumu la lita 20 la mkokoteni lataka pesa kila siku. Mwenye tangi juu ya paa asiwe mwepesi wa kumfungia kisima asiye nalo. Katika misingi ya sharia ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Basi kisima kisifungwe. Kinywaji ndicho kizuiwe mpaka maji yatengenee. Paandikwe hapo kwa herufi kubwa kuwa maji haya si ya kunywa. Yatumiwe kufua na kuosha sakafu, na atakayetawadha kwayo asiyameze anaposukutua. Mdomo wa kisima uinuliwe, ukafunikwe kwa mfuniko imara, usiingie uchafu wala asitumbukie mtoto.

Na jirani mwenye shimo la choo lililo karibu, huyo ndiye wa kwanza kutakiwa atengeneze. Atasema: «Shimo liko ndani ya kiwanja changu.» Kiwanja ni chake, lakini kinachotoka ndani yake kwenda kwa mwenziwe si chake tena. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na amewaonya wanaochafua penye maji ya watu. Kabla hajajua, alikuwa na udhuru. Baada ya kujua, hana. Akiwa hana uwezo, mtaa umsaidie, kwani choo chake ni mauti ya wote. Na matajiri wetu, wapendao kuchimba kisima kipya chenye jina lao, wajue kwamba kukitengeneza kisima cha mtu mwingine, kisicho na jina lao, huenda kukawa kuzito zaidi katika mizani. Serikali nayo ina wajibu wake, kwani Katiba ya 2010 katika kifungu cha 43 imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo yafaa tuidai kwa adabu na bila kuchoka; lakini mtoto hawezi kungoja.

Kwa hivyo nyumbani maji yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, yaachwe nusu saa. Wala kuchemsha hakuondoi chumvi. Mtungi ufunikwe, na uchotewe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachotiwa mkono ndani. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tufunike vyombo usiku, tufunge milango na tuzime taa, akataja panya avutaye utambi akawateketeza watu wa nyumba. Amri hizo twazisoma madrasani, kisha twarudi nyumbani kulala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, na moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Na mafuta ya taa twayatia katika chupa ya soda, twaiweka kando ya mtungi, halafu twastaajabu mtoto mwenye kiu anapoyanywa. Wazee wa Lamu walikuwa wakiweka visamaki katika birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Hao walijua kwamba maji ya nyumbani hutaka mlinzi.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Maji yale ni twahara, na kuyanywa kama yalivyo hakufai baada ya khabari kuthibiti. Marehemu hakatiwi thawabu na anayekitengeneza kisima chake. Na kila anayejua kisha akanyamaza ana fungu lake katika madhara, na sisi ndio wa kwanza. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kunyamaza kwetu, amrehemu aliyechimba, na awajaalie watoto wetu wanywe wakaishi. Amin.