Mizani ya Saa Tisa

Neno la Jumapili. Masomo: Mithali 11:1, Mathayo 17:24-27, Luka 5:1-11



Vijana wetu wawili, wale ambao siku za kazi huosha na kutengeneza mashua za watu kule Hartbeespoort, wamealikwa Jumamosi ijayo kushindana katika mashindano ya kuvua samaki aitwaye bass, au besi kama tulivyozoea kumwita hapa. Wameomba kanisa liwaombee. Jumatano kwenye maombi wamama waliuliza kama inafaa kuombea mchezo. Tulipoeleza kwamba samaki anavuliwa, anapimwa, halafu anarudishwa majini akiwa hai, maombi yalisimama kidogo kwa kicheko. Mama mmoja wa Uvira alisema kwao mtu akimrudisha sangala ziwani, ukoo unaitisha kikao.

Tumeona tulijibu swali hilo kwa Neno, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotugusa wiki hii sisi sote, hata asiyewahi kushika ndoano.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Besi wa mdomo mkubwa ni mzaliwa wa Marekani ya Kaskazini. Aliletwa Afrika Kusini mwaka 1928, akipitia Uholanzi, akafugwa Jonkershoek karibu na Stellenbosch, na kutoka pale akasambazwa kwenye mito na mabwawa ya nchi. Wakenya walio kati yetu wanamjua kutoka Naivasha. Kwa hiyo naye ni mgeni, tena mgeni aliyeletwa bila kuulizwa. Kisheria yumo katika orodha ya viumbe wageni wanaovamia, na si bure: katika mito ya Cape amewala samaki wadogo wa asili mpaka sehemu nyingine wamekwisha. Mwaka 2012 wataalamu walitia dawa katika kipande cha mto Rondegat, kwenye milima ya Cederberg, ili kuwaondoa besi, wale wa mdomo mdogo, na kuwapa nafasi wenyeji.

Tunalisema hili wazi kwa sababu watoto wetu wamelisikia shuleni, na mmoja aliuliza nyumbani kama sisi pia tuko katika orodha hiyo. Wazazi, msilipite swali la namna hiyo. Mtu si samaki. Mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, awe amezaliwa Kalemie, Kigoma, Maputo au Soweto, na hakuna mto ambao ndani yake mfano wa Mungu ni mvamizi. Wanaochukua maneno ya elimu ya samaki na kuyabandika juu ya watu barabarani, hawajui samaki na hawajui watu. Hata samaki wenyewe wana habari zaidi ya moja. Sangara aliyetiwa Ziwa Victoria aliwamaliza furu wengi. Lakini sambaza, ambao leo wanalisha Goma na Bukavu, nao si wenyeji wa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa kule mwishoni mwa miaka ya 1950. Nani wa Bukavu leo atakataa sambaza kwa sababu babu zao walitoka Tanganyika?

Turudi kwenye mashindano. Mpango wake ni huu. Asubuhi mashua zinaondoka pamoja. Kila mshindani anavua kwa fimbo na chambo bandia, na mwisho wa siku anaruhusiwa kuleta mezani samaki watano tu, wasiopungua urefu uliowekwa. Akipata wa sita aliye mkubwa, lazima amwachilie mdogo mmoja. Samaki wanakaa ndani ya tangi la mashua linalopitishiwa maji na hewa ili wasife. Saa iliyowekwa ikifika, tuseme saa tisa alasiri, awe amerudi. Akichelewa anakatwa uzito. Akileta samaki aliyekufa, anakatwa uzito. Kisha mizani. Mwenye jumla nzito ndiye mshindi.

Habari ya kumtunza samaki hai haikuwapo tangu mwanzo. Mtu aliyeyapa mashindano haya umbo lake, Ray Scott wa Alabama, alikuwa akiuza bima. Alianza mwaka 1967 kwenye ziwa la Beaver huko Arkansas. Miaka michache baadaye, mwaka 1972, ndipo alipoanza kuwahimiza washindani wake warudishe samaki wakiwa hai, kwa sababu bila hivyo mchezo ungekula mtaji wake wenyewe.

Hapa tumjibu mama wa Uvira, naye atusamehe. Katika Luka 5 Bwana anamwambia Simoni kwamba tangu sasa atakuwa akivua watu. Neno la Kiyunani ambalo Luka analitumia pale si neno la kawaida la kuvua samaki. Ni neno la kukamata kitu kikiwa hai, kama mateka anayeachiwa uhai wake. Petro alikuwa amezoea kuvua ili kitu kife, kiuzwe, kiliwe. Bwana alimpa uvuvi wa namna nyingine. Kwa hiyo mkiwaona vijana wetu wakilowanisha mikono kabla ya kumshika samaki, wasije wakamtoa ule ute unaomlinda ngozi, msicheke sana. Kanisa lingejifunza hapo. Wangapi tumewavuta kwa nguvu mpaka hapa kwenye benchi, halafu tukawashika kwa mikono mikavu?

Lakini jambo ambalo limekaa zaidi mioyoni mwetu ni mazoezi, na baada yake mizani.

Siku za mazoezi mvuvi wa mashindano hatafuti samaki wa kubeba. Anatafuta kujua. Anazunguka bwawa tangu alfajiri, anaangalia upepo unasukuma wapi magugu maji (na Hartbeespoort ina magugu maji ya kutosha, kama wale wa Kisumu na Mwanza wanavyoyajua), anapima joto la maji, anatazama rangi yake, anaandika. Akipata mahali ambapo samaki wanauma, wengi wanafanya jambo la ajabu: hawamvuti. Wengine hukunja ncha ya ndoano, au huikata kabisa, ili samaki aume, mvuvi ajue yupo, kisha samaki ajiachie na aende zake. Kwa nini? Ukimchoma leo, kesho hataki tena, au amehama. Vijana wetu wametuambia hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Fimbo inapinda, mkono unataka kuvuta, moyo unadunda, na wewe unalegeza mshipi kwa hiari.

Tulipolisikia hilo tulikumbuka mambo mengi. Yale mazoezi ya Petro pia hayakuwa na watazamaji: usiku kucha bila kitu, asubuhi anaosha nyavu tupu. Kuosha wavu uliojaa ni furaha. Kuosha wavu mtupu, na bado ukauosha vizuri kama vile kesho kuna kazi, hiyo ni imani. Bwana alimkuta hapo.

Sasa mizani. Tarehe 30 Septemba 2022, kule Cleveland, jimbo la Ohio, kulikuwa na mashindano ya uvuvi katika Ziwa Erie. Samaki hawakuwa besi, walikuwa aina nyingine ya ziwa lile, lakini mizani ni ileile. Wanaume wawili walileta samaki waliokuwa wazito kupita umbo lao. Msimamizi aliwatazama, akaona hesabu haikubali, akachukua kisu akapasua tumbo. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, yale madini mazito ya kuzamishia nyavu, pamoja na minofu ya samaki wengine. Zawadi waliyokuwa karibu kuipokea ilikuwa zaidi ya dola 28,000. Mwaka uliofuata walikiri mahakamani, wakapewa siku 10 za jela, leseni zao za kuvulia zikasimamishwa, na mashua ikachukuliwa.

Mithali 11:1 inasema kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana, na jiwe la kupimia lililo kamili humpendeza. Sisi tumezoea kuusoma mstari huo tukifikiria mwenye duka. Lakini wale wa Ohio hawakugusa mizani. Mizani ilikuwa nzuri kabisa. Walichoharibu ni samaki.

Wapendwa, tuseme sasa lile tulilokuja kusema. Wiki hii katika familia zetu kuna kijana aliyepata kazi nzuri, na mwajiri anataka kuona permiti ambayo muda wake haujaisha. Ya kwake imeisha. Na mtu amemfuata pale barabarani, mtu wa kuongea vizuri, mwenye lugha yetu, akamwambia kwamba kwa kiasi fulani cha randi atapata karatasi ndani ya siku tatu, bila foleni na bila maswali. Huyu si kijana mmoja. Wengi mnaosoma hapa mmefuatwa na mtu wa namna hiyo, na kuna waliokopa kwa ajili yake.

Hiyo karatasi ni risasi ndani ya samaki. Siku ya kwanza inapendeza mkononi kwa uzito wake. Mwajiri anaipokea, mwenye nyumba anaipokea, benki inaipokea. Lakini kila asubuhi unatembea na tumbo ambalo mtu mwenye kisu anaweza kulipasua, na likipasuliwa hawataangalia tena kama ulikuwa na sababu ya kweli ya kukimbia Fizi au Masisi. Wale wa Ohio walijua kuvua. Baada ya siku ile, nani ataamini hata samaki wao wa halali?

Hatusemi kwamba anayefuata njia ya haki hupata daima. Tungewadanganya. Kuna mvuvi aliyefanya mazoezi wiki nzima, akalegeza mshipi, akatunza samaki wake hai, na bado akawa wa mwisho mezani. Kuna ndugu hapa kanisani aliyesubiri miaka, akakataliwa, akakata rufaa, na hivi leo bado anasubiri. Hakuna mtu wa madhabahuni mwenye haki ya kumwambia ndugu huyo maneno mepesi. Tunachosema ni kwamba hatasubiri peke yake.

Tazameni tena Mathayo 17. Ni mahali pekee katika Injili ambapo Petro anatumwa na ndoano badala ya wavu. Watoza kodi ya hekalu wamekuja. Bwana anaeleza kwamba wana hawapaswi kulipa, wako huru. Angeweza kuishia hapo, na haki ingekuwa yake. Lakini kwa ajili ya kutowakwaza anamtuma Petro ziwani, na samaki wa kwanza anakuja na sarafu mdomoni, inayotosha wawili. Sarafu ile iliwekwa na Mungu. Risasi ile ya Ohio iliwekwa na mikono ya watu. Vyote viwili vilikuwa chuma ndani ya samaki, na vyote viwili vilihusu fedha. Na mwangalie hesabu: ilitosha ya Bwana na ya Petro, hakuna aliyeachwa alipe peke yake.

Mtaa huu wetu una historia katika jambo hili. Desmond Tutu alisomea uchungaji hapa hapa Rosettenville, katika chuo cha Mtakatifu Petro, na leo jina lake liko kwenye ofisi ya wakimbizi ya Pretoria ambako wengi wetu tumesimama foleni tukiwa na chai kwenye chupa. Petro yule mwenye ndoano ndiye jina la chuo kile. Watoto wakipita karibu na pale, waambieni.

Kwa hiyo wazee wameamua hivi. Sadaka ya pili ya leo itakuwa ya nauli na nakala za karatasi kwa wenye kesi. Jumanne saa kumi na moja alfajiri gari litaondoka mlangoni pa kanisa kwenda Pretoria. Wenye miadi waandikishe majina kwa katibu leo baada ya ibada, na wababa wawili watakuwa pamoja nao mpaka mwisho wa siku. Wenye kukataliwa au wenye kesi ngumu wasimlipe mtu wa barabarani. Lawyers for Human Rights wanatoa msaada wa sheria bila malipo, na katibu atawasindikiza. Yule kijana mwenye kazi, wazee wawili watakwenda pamoja naye kwa mwajiri kumwomba muda.

Na vijana wetu wa Hartbeespoort tutawaombea kabla ya baraka. Tutaomba upepo mzuri, mashua irudi kabla ya saa tisa, na samaki watano wafike mezani wakiwa hai. Wamama wameshakubali, kwa sharti moja: wakishinda zawadi, wapite njiani wanunue samaki wa kula.

Amina.