Ukingo wa Dari na Mchanga wa Chekechea

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Sheria hii ya ukingo wa dari tunaipita upesi, maana imebanwa kati ya agizo la kiota cha ndege na lile la mbegu za shamba la mizabibu. Musa anamtaka Mwisraeli ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, ili mtu akianguka damu isidaiwe nyumba hiyo. Hakuna neno la kuondoa ngazi. Dari za kule zilikuwa bapa, na watu walipanda kila siku: Rahabu alianika kitani na kuficha wapelelezi humo, Samweli alizungumza na Sauli juu ya dari, Petro alikwenda kusali huko saa sita mchana kule Yafa. Sheria inajua kwamba watu watapanda. Inachomuuliza mwenye nyumba ni amewaandalia nini.

Nimeileta wiki hii kwa ajili ya vyuma vya kupandia watoto. Chekechea nyingi za makanisa yetu sasa zinavyo, kando ya bembea. Fundi wa kuchomelea huviunga kwa mabomba, vikapakwa nyekundu na bluu, kisha mchungaji akaitwa kuviombea. Mtoto wa kwanza akianguka, kwenye kikao hakukosekani wa kusema ving'olewe.

Aliyevibuni na kuviombea hataza mwaka 1920 ni Sebastian Hinton, mwanasheria wa mji wa Winnetka karibu na Chicago. Wazo alilitoa utotoni, Japani, ambako baba yake, mwanahisabati Mwingereza Charles Howard Hinton, aliwajengea watoto wake kiunzi cha mianzi. Mzee alikuwa na shabaha yake: alitaja namba tatu, watoto wakakimbilia makutano ya mianzi yenye namba hizo, wazoee vipimo vitatu vya nafasi hadi siku moja waweze kuwaza kipimo cha nne. (Huyu baba alikwenda Japani baada ya kuhukumiwa Uingereza mwaka 1886 kwa kuoa mke wa pili hali wa kwanza yupo. Simtetei. Ila kitabu cha Mwanzo kimejaa akina baba ambao Mungu aliwapitishia watoto mema kwa mikono isiyonyooka.) Kilichomkaa Sebastian moyoni hakikuwa hesabu, bali raha ya kupanda. Carleton Washburne, msimamizi wa shule za Winnetka, alipolisikia wazo hilo alilitaka kwa shule zake. Sebastian alifariki mwaka 1923, mwaka uleule hataza ilipotolewa, kabla vyuma vyake havijaenea duniani.

Mtazame mtoto wa miaka mitano akiwa juu ya vyuma hivyo. Anasimama chuma cha tatu, anatazama cha nne, anarudi chini. Kesho yake anafika cha nne. Hakuna mtu mzima aliyempangia. Watafiti wawili wa Norway, Ellen Sandseter na Leif Kennair, waliandika mwaka 2011 kwamba michezo ya namna hii humsaidia mtoto kuizoea hofu kidogo kidogo mpaka impungukie. Mimi naona pia kwamba anajifunza kukiri mpaka wake bila aibu, jambo linalotushinda wengi tuliokwisha kuota mvi.

Sasa ukingo wenyewe. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, iliyotoa mwongozo wake wa kwanza wa viwanja vya watoto mwaka 1981, inaweka uzito mkubwa chini, pale mtoto atakapoangukia. Mchanga wa kina cha sentimita 23 unatosha kwa kimo cha mita 1.2, si zaidi. Na mchanga huo uenee karibu mita 1.8 kila upande. Zege halifai, wala udongo ulioshindiliwa, hata ukiwa na nyasi. Uwazi kati ya chuma na chuma usiwe baina ya sentimita 9 na 23, maana hapo kiwiliwili cha mtoto hupenya na kichwa kikanasa. Hata ule mpango wa Hinton wa vyuma vingi vya ndani umerekebishwa: siku hizi wanashauri katikati paachwe wazi, mtoto asije akagonga chuma baada ya chuma akishuka. Fundi aambiwe haya kabla hajakata bomba.

Kung'oa ni rahisi kuliko kumwaga mchanga, na ndivyo tunavyowalea hata vijana wetu kiroho. Tunamzuia asiulize, asijaribu kuongoza ibada, asikosee mbele za watu. Siku anayoondoka kwenda chuo au kutafuta kazi mjini ndiyo siku yake ya kwanza kupanda, na chini yake ni zege tupu. Zaburi ya 37 haimwahidi mwenye haki kwamba hatajikwaa. Inamwahidi mkono wa kumshika. Nadhani kanisa lingefanya kazi kubwa zaidi likijiuliza limemwandalia kijana nini siku ya kuanguka: nani atampokea, nani atakaa naye bila kumtangaza, nani atamrudisha kwenye chuma cha kwanza.

Mchanga nao haukai. Miguu huutawanya, mvua huushindilia, paka hufanya mambo yao humo. Unahitaji kutifuliwa, kusafishwa na kuongezwa, na kazi hiyo haina utepe wa kukata wala mgeni rasmi, kwa hiyo kamati ya ujenzi haijapata kuiwekea fungu. Vijana wa kwaya huja mazoezini Jumamosi alasiri, na reki zipo stoo. Nitaanza na sauti ya nne.