Damu ya Mninga

Je, tendo jema hupungukiwa na wema wake iwapo sababu iliyotolewa kulitetea yabainika kuwa si ya kweli? Swali hili huzuka kila vijana wetu wanapojadili dawa za jadi, nasi twapenda kulipima kwa mti mmoja, mninga.

Mninga humea katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi. Maseremala wausifu kwa kuwa mbao zake hazipindi upesi wala hazishambuliwi ovyo na mchwa. Hayo yana bei sokoni, hayahitaji maelezo. Lakini gome lake likitiwa panga hutoka utomvu mwekundu, mzito, mfano wa damu. Wazee waliuona wakaamua kwamba kitokacho damu hutibu damu. Wakaupaka vidondani, wakawachemshia magome wenye kuhara na wanawake watokwao na damu nyingi. Hoja ya kufanana ni dhaifu, maana hata pilipili ni nyekundu. Hata hivyo, utomvu ule una tanini nyingi, na tanini hukaza ngozi iliyojeruhiwa. Yumkini wazee walifika penye kweli kwa njia isiyo ya kweli. Hatusemi kwamba kila ugonjwa uliotajiwa mti huu hupona kwao.

Lililo zito zaidi ni namna ya kuchukua gome. Wapo waganga wabanduao upande wa mashariki na wa magharibi tu, jua lichomozako na lituako, wakaziacha pande nyingine. Ukiwauliza sababu, watakueleza habari za jua, uhai na mizimu. Kijana aliyesoma hucheka. Lakini biolojia ile ile aliyofundishwa yasema kwamba chakula kitengenezwacho na majani huteremka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Likibanduliwa mzingo mzima, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Desturi aliyoicheka ndiyo iliyoulinda mti.

Mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, nacho kikawa taasisi mwaka 1991. Ni jambo la heri. Ila maabara huupima utomvu. Haiupimi mkono wa mchumaji. Na mchumaji wa leo mara nyingi huliuzia gome soko la mjini, hamjui mgonjwa, wala hatarudi kwenye mti ule ule. Hubandua pande zote.

Je, basi, mwalimu afundishe habari za mizimu ili miti isalimike? La hasha. Darasani isemwe kweli, na desturi iulizwe ilikuwa ikifanya kazi gani kabla ya kuitwa ushirikina. Lakini hapo pana ugumu ambao hatutaki kuuficha. Mchuuzi yule hakosi maarifa. Ajua fika kwamba mti utakauka. Mganga aliyeogopa mizimu alizuiwa na hofu yake. Huyu ana sababu iliyo sahihi kabisa, nayo haimzuii.