Siku Chache Kafarnaumu



Kuna aya moja katika Injili ya Yohane ambayo wahubiri wengi tunairuka. Ni sura ya 2, aya ya 12. Harusi ya Kana imekwisha, divai imeshanywewa, na kabla Yesu hajapanda kwenda Yerusalemu kwa Pasaka, Yohane anatuambia kwamba alishuka Kafarnaumu pamoja na mama yake, ndugu zake na wanafunzi wake, wakakaa huko siku chache. Basi. Hakuna muujiza, hakuna mafundisho. Hatuambiwi hata walikula nini.

Kafarnaumu haikuwa kwao. Kwao ni Nazareti, kule milimani; Kafarnaumu ni mji wa wavuvi kando ya ziwa, na Mathayo anasema Yesu alihamia huko (Mt 4:13). Kwa hiyo nikisoma aya hiyo naona familia imeenda kukaa kidogo na kijana wao kule anakoanzia kazi. Yeyote anayeishi mbali na nyumbani anazijua siku hizo chache.

Mimi hapa Dodoma ni mgeni. Kwetu ni Taita, karibu na Voi, Kenya. Nimemaliza falsafa, na mwaka huu wa kichungaji nimepangiwa Miyuji. Shule za Kenya zilipofunga mwezi wa nane, mama na mdogo wangu wa kike walikuja kunitembelea kwa siku sita. Walivuka mpaka pale Taveta na Holili, wakalala Arusha, kesho yake wakapita Babati na Kondoa, wakafika miguu imevimba. Mama mmoja wa WAWATA, jirani yetu, aliwapa chumba na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Raha ilikuwepo, sitaki kudanganya. Mama aliambiwa sahani ya wali ni elfu tano akataka kuondoka na njaa, mpaka tulipomfanyia hesabu kwamba ni kama mia mbili na hamsini za kwetu. Dukani alisema "nataka sukari", kama tunavyosema Kenya, na muuza duka akamtazama. Hapa watu husema "naomba". Mdogo wangu alijifunza kusema "mbukwenyi" na akawa anawaamkia Wagogo wote wa Miyuji, hata wasio Wagogo.

Sasa, ukiishi ugenini na watu wa kwenu wakaja, kuna kishawishi cha kugeuka mwongoza watalii. Dodoma kuna vya kuonyesha: Bunge, zabibu, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, na ukiwa na nauli unaweza kurudi mpaka Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006. Sina ugomvi na matembezi. Jumapili tulipoenda Misa, akina mama wakapiga ngoma za muheme wakati wa matoleo, mama yangu alishindwa kukaa. Hiyo nayo ni sala. Lakini mtu hasafiri siku mbili kwa basi kwa sababu ya jengo la Bunge. Amekuja kukuona wewe: unalala wapi, umekonda, una watu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962, akieleza kwamba katika jamii zetu kila mtu alikuwa mfanyakazi. Wengi huisikia kama njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Mimi naona kinyume. Unayempa jembe umeacha kumhesabu mgeni. Aristotle naye, darasani tulimsoma sana, anakumbusha methali ya watu wa kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Anasema urafiki unahitaji muda na mazoea. (Kiswahili kina akili: aliyekula chumvi nyingi kwetu ni mzee.) Kumbe hata kati ya mama na mwana, miaka mitano ya kuishi mbalimbali inahitaji chumvi mpya.

Siku ya tatu mama hakungoja jembe, alichukua ufagio mwenyewe. Na siku ya nne, tukichambua mchele kwenye ungo, aliniuliza bila kuinua macho: "Nikifa, ni wewe utanizika, ama nitangojea ndege?"

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza na wa kiume peke yangu. Swali hilo halikuzaliwa kwenye ungo. Mama alitoka nalo Voi. Katika Marko 3 jamaa za Yesu nao wanasafiri kumfuata, na hawakuja kutembea. Walikuwa na wasiwasi naye mpaka watu wakasema amerukwa na akili. Familia inayokufuata ugenini hubeba kitu ambacho simu haikuweza kukibeba. Wewe uliyeko Doha, Muscat au Nairobi, mama akija Desemba hii na ratiba yako ikajaa kuanzia asubuhi hadi usiku, atarudi nacho kwenye begi. Mwachie mchana mmoja usio na kitu. Na akikitoa, tafadhali usikifunike na "Mungu atajalia, mama". Mungu atajalia, ndiyo, lakini yeye amekuuliza wewe.

Nilimjibu ninachokijua. Kwamba baada ya nadhiri za daima sitajichagulia pa kuishi. Kwamba ruhusa ya kwenda kumzika mzazi huombwa na kwa kawaida hutolewa, lakini kufika kwa wakati siwezi kumwahidi, maana sijui nitatumwa wapi. Alinyamaza. Aliokota mawe mawili madogo akayaweka pembeni. Mimi nikamsimulia habari ya Yosefu, kwa sababu ndiyo iliyonijia.

Yosefu alikuwa ugenini, mkubwa serikalini, na familia yake ikamfuata Misri. Hakumngojea baba yake ikulu. Alimfuata Gosheni, akamwangukia shingoni, akalia kwa muda mrefu. Baadaye alimpeleka kwa Farao, na Yakobo, mzee wa miaka 130, hakuonekana kubabaishwa na ufalme ule. Alisema tu kwamba siku zake zimekuwa chache na mbaya. Yosefu aliuzwa akiwa na miaka 17, na Yakobo akaishi Misri miaka 17. Kisha mzee akamwita, akamwomba aape: usinizike Misri. Yosefu hakubishana, aliapa. Na baba alipofariki, yule mkubwa wa nchi ilimbidi aombe ruhusa kwa Farao kama sisi tunavyoomba kwa wakubwa wetu. Akaenda Kanaani, akamzika baba yake katika pango la Makpela.

"Alipewa ruhusa?" mama akauliza.

"Alipewa."

"Na baada ya kuzika?"

"Alirudi Misri. Aliahidi atarudi, akarudi."

Mama aliupeta mchele mara mbili, tatu, akaupuliza. "Sawa," akasema. "Lakini uwe unanipigia simu Jumapili. Kupiga, si kuandika meseji." Halafu akamwita mdogo wangu alete maji ya kuoshea mchele.