Rejeta na Maji ya Chumvi

Foleni ya feri ya Likoni huumbua pikapu mbovu. Gari halisogei, upepo haupiti kwenye rejeta, feni peke yake ndiyo inayohangaika, na mshale wa joto unapanda. Dereva anashuka, kitambaa mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta.

Asifungue! Ndani mna presha. Maji yaliyopita nyuzi 100 yakiruka humbabua mtu uso.

Azime injini, aiache ipoe kabisa, ndipo aongeze kulanti, si maji ya kisima. Visima kadhaa vya Likoni na Kisauni vina maji ya chumvichumvi, nayo chumvi hula chuma. Dharura ikibana, heri maji safi ya dukani, hata kama bei inauma. Kisha fundi atafute panapovuja: mpira, pampu au kifuniko chenyewe.

Na wewe wa Changamwe, kabla hujawasha leo, angalia kichupa cha akiba cha kulanti.